Waya wa Nne

Simama chini ya nguzo yoyote ya umeme kati ya Mtwara mjini na Mikindani, uhesabu nyaya. Utapata hesabu mbili. Juu kabisa, kwenye vikombe vikubwa, nyaya ni tatu. Hizo ni za msongo mkubwa, volti 33,000 au 11,000, na hakuna mtu anayezichezea. Shuka chini kidogo, baada ya transfoma, nyaya zinakuwa nne, na pengine wa tano wa taa za barabarani. Nyaya zinazoingia majumbani zinatoka kwenye hizo nne. Tatu ni fezi. Wa nne ni nyutro.

Historia ya umeme wa Mtwara imesimuliwa sana kama historia ya gesi: nani aliivumbua, bomba lilielekea wapi, nani alipigwa mabomu ya machozi. Nimeisoma kwa namna hiyo darasani, na nitaigusa, kwa kuwa haikwepeki. Lakini kwa mwaka mzima wa masomo yangu ya uzamili nimekuwa nikijiuliza jambo dogo zaidi. Umeme ukishafika, unarudi kwa njia gani? Hapo kwenye njia ya kurudi ndipo friji zinapoungua na ndipo watoto wanaposhikwa na umeme wakigusa pampu ya maji. Na hapo ndipo swali la nani anawajibika linapoanza kuwa gumu.

Nyutro ilizaliwa kutokana na ubahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 umeme wa Thomas Edison ulikuwa wa mkondo mnyoofu, na ulikula shaba nyingi mno, kwa sababu kila mtaa ulihitaji nyaya nene za kwenda na kurudi. John Hopkinson kule Uingereza, na Edison mwenyewe Marekani, kila mmoja kwa upande wake wakafikia wazo lile lile: chukua mitambo miwili, iunganishe mmoja nyuma ya mwingine, kisha weka waya mmoja katikati yao. Nusu ya nyumba zitumie upande huu na nusu upande ule. Mizigo ikilingana, waya wa katikati haubebi kitu. Mwaka 1883 mfumo huo ulijengwa katika mji mdogo wa Sunbury, Pennsylvania, na shaba nyingi ikaokolewa. Tangu siku hiyo waya wa katikati umekuwa na tabia yake ya ajabu: watu wakitumia umeme sawasawa hauna kazi, na wasipolingana unabeba tofauti yao.

Umeme wa fezi tatu ulirithi wazo hilo na kuliongezea uzuri. Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi Mrusi aliyefanya kazi na kampuni ya AEG ya Ujerumani, alionesha mwaka 1891 kwamba umeme unaweza kusafirishwa kilomita 175 kutoka maporomoko ya Lauffen hadi kwenye maonesho ya Frankfurt. Huko Frankfurt uliwasha taa 1,000 hivi na kuzungusha mota iliyosukuma maji ya maporomoko bandia. Napenda sana habari hii. Maporomoko ya kweli yakatengeneza maporomoko ya uongo, kwa nyaya tatu tu.

Ukitaka kuelewa kwa nini tatu zinatosha, acha kwanza vitabu vya fizikia na ukumbuke wanawake watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Michi haishuki pamoja. Mmoja unashuka, wa pili unapanda, wa tatu uko njiani, na kinu hakipumziki hata kidogo. Fezi tatu ziko hivyo: kila moja iko nyuma ya mwenzake kwa theluthi ya mzunguko. Mikondo yake ukiijumlisha wakati wowote, kama mizigo imelingana, jibu ni sifuri. Kilichokwenda kwa fezi moja kinarudi kwa nyingine mbili, na mota kubwa haihitaji waya wa kurudi.

Nyumba si mota. Nyumba ina taa, redio, chaja ya simu na, siku ya Ijumaa, pasi. Inatumia fezi moja tu, na jirani anatumia nyingine, na hawakubaliani saa ya kupiga pasi. Kwa hiyo ncha za nyaya tatu za transfoma zinafungwa pamoja mahali pamoja, kama nyota, na kutoka kwenye kitovu cha nyota hiyo unatoka waya wa nne. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Kati ya fezi na kitovu kuna 400 ukigawa kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani 230 na ushee. Hiyo 230 ndiyo tunayoiita umeme wa nyumbani, na ipo kwa sababu kitovu kipo.

Ardhi nayo ina historia yake, ambayo ni ya zamani zaidi. Mwaka 1838 Carl August von Steinheil wa Munich aligundua kwamba simu ya maandishi haihitaji nyaya mbili. Unazika bamba la chuma huku na lingine kule, na ardhi inakuwa waya wa pili. Dunia nzima ikajengewa simu za waya mmoja. Neno letu lenyewe, simu, linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na si sauti wala mazungumzo. Miaka mia moja hivi baada ya Steinheil, Lloyd Mandeno wa New Zealand alikuwa akitumia wazo lilo hilo kupeleka umeme kwenye mashamba ya mbali: waya mmoja juu, ardhi chini.

Kufunga nyutro kwenye ardhi lilikuwa jambo jingine, na wahandisi waligombana juu yake kwa miaka mingi. Waliokataa walikuwa na hoja nzuri. Ukiuacha mfumo mzima ukielea bila kugusa ardhi, mtu akigusa waya mmoja hapati kitu, kwa kuwa mkondo hauna pa kurudia. Waliokubali walikuwa na hoja nzuri zaidi: hakuna mfumo unaoelea milele. Kikombe kitapasuka, tawi la mwembe litaegemea, waya wa msongo mkubwa utaangukia wa msongo mdogo, na siku hiyo nyumba zote zitapata maelfu ya volti bila dalili. Bora kitovu kifungwe kwenye ardhi kwa makusudi, ili hitilafu ijulikane na fyuzi ikatike. Mwaka 1913 kanuni za umeme za Marekani zililazimisha hivyo kwa nyaya za majumbani zisizozidi volti 150 kuelekea ardhini. Leo Tanzania, kama sehemu kubwa ya dunia, kitovu cha transfoma ya mtaani kinafungwa kwenye ardhi. Utauona waya wake ukishuka ubavuni mwa nguzo, kama wezi wa shaba hawajautangulia.

Mtwara iliingia katika habari hii ikiwa mji mchanga. Mikindani ndiyo ya kale, yenye boma la Wajerumani la 1895 na ghuba ambayo David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mtwara yenyewe ni mtoto wa karanga. Waingereza walipoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Nachingwea ilihitaji reli na bandari yenye kina. Mradi ulikufa mwaka 1951, bandari ikakamilika mwaka 1954, na reli iking'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa haijabeba karanga za kutajika. Mji ulibaki na gati zuri na barabara pana kuliko magari yake.

Kisha korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, nyingi kutoka kusini, na serikali ikakopa fedha kujenga viwanda vya kubangua, vingine kwa mitambo ya Kiitaliano na vingine ya Kijapani. Hivyo ni viwanda vya fezi tatu. Mikanda, feni, vyombo vya kupembua, vyote vinaendeshwa na mota. Wakati mitambo inafungwa, watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mikorosho imeachwa mbali, na mavuno yanaporomoka. Viwanda vingi vikafungwa, vingine baada ya kufanya kazi muda mfupi tu. Ukipita leo kwenye majengo ya aina hiyo utaona mabomba ya nyaya yaliyokatwa yakitokeza sakafuni. Mimi huyatazama nikifikiri kwamba vijiji vingi vya mkoa huu viliona umeme wa njia tatu kwa mara ya kwanza pale, kwa mbali, nyuma ya ukuta wa kiwanda, miaka mingi kabla ya kuona taa nyumbani.

Umeme wa mji wenyewe ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Dizeli ilikuja kwa meli au kwa barabara ambayo mvua ikinyesha haikuwa barabara. Kumbe tangu 1982 ilijulikana kwamba Mnazi Bay, karibu na Msimbati, kuna gesi. Kampuni ya Kiitaliano ya AGIP iliipata, ikaona soko liko mbali, ikaondoka. Ilichukua zaidi ya miaka 20 hadi kampuni ya Kikanada, Artumas, ilipofufua kisima na kujenga mtambo wa kuzalisha umeme Mtwara. Kufikia mwaka 2007 gesi ya Msimbati ilikuwa inawasha taa za Mtwara, na mtambo ukaja kuwa na uwezo wa megawati 18. Haukuunganishwa na gridi ya taifa. Ulikuwa kisiwa: mashine chache na nyaya zake, na kikitokea kitu mtamboni, mikoa miwili inaingia gizani.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwishoni mwa 2012 watu waliandamana Mtwara kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Mei 22, 2013, baada ya waziri Sospeter Muhongo kuwasilisha bungeni bajeti ya nishati iliyothibitisha bomba, mji uliwaka moto, jeshi likaingia mitaani, watu wakafa. Bomba lilijengwa kwa mkopo wa China, zaidi ya kilomita 500, na Rais Kikwete akalizindua Oktoba 2015. Sentensi ya waandamanaji ilikuwa fupi: gesi haitoki. Ikatoka.

Najua kuna kishawishi cha kuigeuza nyutro iwe tamathali hapa, kwamba kusini ilitoa na haikurudishiwa, na kadhalika. Nimekutana na mashairi ya namna hiyo kwenye simu za rafiki zangu na mengine si mabaya. Lakini naona yanaficha swali la kawaida zaidi ambalo wanavijiji wenyewe huliuliza: umeme uliofika kwetu ni wa aina gani?

Swali hilo lina maana kamili. Wakala wa Nishati Vijijini ulianzishwa kwa sheria ya 2005, na katika miaka iliyofuata nguzo zilianza kupenya vijijini kwa kasi ambayo wazazi wetu hawakuitarajia. Gharama ya kuunganishwa kijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000. Sina dharau yoyote kwa kazi hiyo. Lakini vitongoji vingi vilipelekewa umeme wa njia moja: nyaya mbili tu za msongo mkubwa, transfoma ndogo, na nyaya mbili chini. Unatosha taa na televisheni. Hautoshi mota ya mashine ya kusaga ya kawaida, wala karakana kubwa ya kuchomelea, wala kikundi cha kina mama kinachotaka kubangua korosho kwa mashine badala ya vidole vilivyobabuka kwa mafuta ya ganda. Wabunge wa vijijini wamelisema hilo bungeni mara kwa mara, na hawakuwa wakitafuta kura tu. Kijiji chenye taa ambacho bado kinasaga mahindi kwa dizeli kimepata nusu ya kitu.

Mjini tuna njia tatu, na nyutro. Nyutro ina hatari yake.

Miaka michache iliyopita kiungo cha nyutro kilikatika mtaani kwetu, saa moja jioni. Fezi zote zilikuwa nzima. Mtu asiyejua angedhani basi umeme utakatika. Haukukatika. Taa za nyumba kadhaa zilianza kung'aa kwa weupe wa ajabu, kama zimefurahi, halafu zikapasuka moja baada ya nyingine. Nyumba ya pili kutoka kwetu taa zilikuwa zimefifia, nyekundu kama makaa. Friji tatu, televisheni mbili, na chaja nisizozihesabu ziliteketea ndani ya dakika ambazo watu walizitumia kuitana barazani na kushangaa.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Kitovu kikikatika, nyumba mbili zilizo kwenye fezi tofauti zinajikuta zimefuatana, moja nyuma ya nyingine, katikati ya volti 400. Chukua pasi ya wati 1,000 nyumba hii, na balbu ya kizamani ya wati 60 nyumba ile. Pasi ina ukinzani wa ohmu 53 hivi, balbu 880 hivi. Volti 400 zinagawanywa kwa uwiano wa ukinzani: pasi inabaki na 23 tu, haipati hata joto la kukausha leso, na balbu inapewa 377. Kwa maneno mengine, anayetumia kidogo ndiye anayeumia. Nyumba yenye balbu moja na redio, ambayo inanunua LUKU ya elfu mbili mbili, ndiyo inayopokea kipigo chote, wakati ya mwenye jiko la umeme inafifia na kusalimika.

Mafundi walifika usiku wakaunga. Vyombo havikulipwa. Jirani mmoja alifuatilia kwa wiki kadhaa, ofisi hadi ofisi, na kila mahali aliulizwa risiti ya friji na ushahidi kwamba haikuharibika yenyewe.

Mjomba wangu ni fundi umeme, na siku iliyofuata nilimkuta anachimba ubavuni mwa nyumba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Shika sururu."

Alikuwa anaongeza fimbo ya ethi. Nikamwambia ethi isingezuia yaliyotokea jana, kwa kuwa tatizo lilikuwa nyutro. "Najua," akasema. "Ile ya nguzoni si yangu. Hii ni yangu. Nafanya iliyo yangu."

Sijakutana na maelezo mafupi zaidi ya mgawanyo huu. Kwetu, kampuni ya umeme inafunga kitovu kwenye ardhi pale kwenye transfoma, na mwenye nyumba anajichimbia ethi yake. Waya wa ethi wa ndani, ule wa kijani na njano, unashika mwili wa friji, wa pasi, wa pampu, kisha unaishia kwenye fimbo hiyo uani. Mkondo ukivuja kwenye mwili wa pampu, unatakiwa kushuka kwenye fimbo, upite kwenye udongo, na kurudi hadi kwenye ethi ya transfoma. Kati ya nyumba yangu na kitovu, kiungo ni udongo wa Mtwara.

Na udongo wa Mtwara si mmoja. Kwenye delta ya Ruvuma, huko kwenye mikoko, tope ni jeusi na lina chumvi. Umeme unapita humo kwa raha, ingawa chumvi hiyo hiyo inaila fimbo. Ukipanda uwanda wa Makonde kuelekea Newala, unakuta mchanga na udongo mwekundu usioshika maji. Watu wa huko waliteka maji mabondeni kwa vizazi, wakipanda na kushuka nayo vichwani, kwa sababu mvua inayonyesha inazama na kupotea. Ardhi isiyoshika maji haipitishi umeme. Fimbo ya mita 1.5 kwenye udongo mnyevu wenye ukinzani wa ohmu-mita 50 inakupa ohmu 30 hivi. Iweke kwenye mchanga mkavu wa ohmu-mita 1,000, fimbo ile ile, nguvu zile zile za sururu, utapata karibu 600.

Maana yake ni hii. Fezi ikigusa mwili wa pampu na ethi yako ina ohmu 30, mkondo unaovuja haufiki hata ampea 8. Fyuzi ya ampea 30 haitingishiki. Kwenye ohmu 600 unapita mkondo chini ya nusu ampea. Fyuzi imetulia, taa zinawaka, mita inahesabu, na mwili wa pampu una karibu volti zote 230, unamsubiri mtoto mwenye ndoo na miguu peku iliyolowa. Waya wa kijani upo, fimbo ipo, mkaguzi aliiona. Ndiyo maana kifaa kinachokata umeme mara unapovuja miliampea 30 si anasa ya nyumba za Masaki. Hicho hakijali kama ohmu ni 30 au 600. Kwa maoni yangu, kingepaswa kuingizwa kwenye bei ya kuunganishwa, hasa vijijini, na hasa kusini. Kuweka shilingi 27,000 kwenye tangazo na kumwachia mwanakijiji mchanga wake ni kumfungia mlango wa mbele na kusahau wa nyuma.

Kuna la msimu pia, ambalo vitabu vya mafundi kutoka nchi za baridi hawalihangaikii sana. Mvua yetu ni moja, inaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Ethi iliyopimwa Machi ni hodari. Ile ile, Oktoba, ardhi ikiwa imepasuka na korosho zinaanza kuanguka, ni fimbo tu iliyosimama kwenye mchanga. Na Oktoba ndipo msimu wa korosho unapofunguliwa, maghala yanajaa, na kila mashine inayoweza kuzunguka inazungushwa.

Mjomba anayajua hayo bila kuyaita ohmu-mita. Alichimba shimo la kwanza mahali ambapo maji ya kuogea yanamwagikia, chini ya mgomba. Alisukuma fimbo hadi ikabaki ncha. Akahesabu hatua zake, akachimba la pili mbali kidogo, kwa kuwa fimbo mbili zikikaribiana sana zinagombania udongo ule ule. Alimwaga mkaa uliosagwa kuzunguka kila moja. Nikamuuliza kuhusu chumvi, maana nimeona mafundi wakiitumia.

"Chumvi inakudanganya mwaka wa kwanza," akasema. "Mwaka wa tatu ukichimba huikuti fimbo."

Alipofunga waya alikaza nati kwa spana mbili, akapaka grisi, akafunika kiungo kwa kopo la plastiki lililokatwa kitako, ili siku ya kukagua usihitaji kufukua. Kisha akamwita binti yake, aliye darasa la tano, akamwonesha pale palipo na kopo, na kumwambia kuwa maji ya kuoshea vyombo, kuanzia Julai, yanamwagwa hapo.